Kumgeuza Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliletwa Musoma juu ya magunia ya udaga, muhogo uliovundikwa na kukaushwa, amelazwa ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeacha kumsikiliza. Kiharusi kilimkuta Kibara, mwaloni kando ya ziwa, akianua dagaa. Waliokuwepo walisema alikaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, halafu hakuinuka. Lori lililombeba lilishinda Bunda likitafuta dizeli, maana ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilitafutwa: dizeli, sukari, betri za redio, hata sanda.

Alipofika hospitali ya mjini, mke wangu alikuwa ametoka humohumo siku chache nyuma, ana mshono mbichi tumboni na mtoto mchanga mikononi. Tulirudi naye kumwona mama yake. Wodi ilikuwa na wagonjwa wawili wawili kitandani na wengine chini. Mgonjwa alikuja na shuka lake, sabuni yake kama anayo, kibatari chake, na ndugu wa kumwuguza. Ndugu ndiye dawa pekee iliyopatikana bila kibali.

Sista wa wodi alikuwa mama wa makamo kutoka Mbeya, mwenye sauti ya kwaya na haraka ya mtu anayefanya kazi ya watu sita. Alituita pembeni.

"Mama yenu sasa dawa yake ni kugeuzwa," alisema. "Mchana na usiku. Akilalia upande mmoja muda mrefu, nyama inaanza kuoza mwenyewe akiwa hai. Nimewaona wengi. Hawafi na kiharusi, wanakufa na vidonda vya mgongo. Hapa mimi sina mikono. Nyumbani mikono ipo?"

"Ipo," mke wangu akajibu, akanitazama. Kisha akaacha kunitazama, kwa sababu alikuwa amekumbuka.

Alichokumbuka hakihitaji maelezo kwa mtu wa Mara, lakini wengine niwaambie. Mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hamkazii macho, hali chakula mbele yake, halali chini ya paa analolala yeye. Wakikutana njiani mmoja anapisha majanini. Nilikuwa nimeoa miaka kadhaa na mama mkwe wangu nilimjua kwa kanga na kwa mgongo, kwa jinsi alivyokuwa akiondoka kila ninapofika. Kwetu Butiama ni hivyohivyo, kwa hiyo sikuweza hata kujitetea kwamba mimi ni mgeni. Chuo kikuu niliwahi kuandika insha ndefu juu ya mila zinazokwamisha maendeleo vijijini, nikapewa alama nzuri sana. Mila hii sikuitaja. Nadhani hata nikiwa Dar es Salaam, mbali kote kule, nilikuwa namwogopa.

Na mke wangu alikuwa amekatazwa kuinua hata ndoo. Mdogo wake mama mkwe, ambaye mke wangu humwita mama mdogo, alibaki Kibara na mashamba ya watu wawili na wajukuu wa watu wawili. Majirani wanawake walikuwa na foleni zao za maji na za unga. Mikono iliyokuwepo nyumbani, yenye nguvu na isiyo na kazi kubwa, ilikuwa yangu.

Isiyo na kazi, ndiyo. Nilikuwa afisa mipango wa mkoa. Ofisi haikuwa na karatasi, na gari lilikuwa limekaa juu ya mawe. Kwa hiyo mipango yote ya mkoa ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa hicho ningeweza kwenda nacho popote.

Tulimpeleka Nyakato, tulikopanga nyumba ya vyumba viwili na sebule. Alipofikishwa mlangoni akasema neno la kwanza lililoeleweka tangu augue. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yalitoka yamelowa, lakini hili lilitoka kavu.

"Mkwe wangu analalaga wapi?"

"Humu, mama," mke wangu akasema.

"Basi nirudisheni kwenye lori."

Nilikuwa nyuma ya nyumba, nasikia. Mke wangu akaja kunitazama. Jioni hiyo nikahamia jiko la nje, baina ya kuni na mawe ya kusagia, na godoro langu, redio isiyo na betri na vitabu vyangu vya uchumi. Jirani yetu, fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Tabora na bibi yake sijui wapi, alichungulia juu ya ua.

"Shemeji, umefukuzwa?"

"Nimehama kikazi."

"Hongera. Umepandishwa cheo au umeshushwa?"

Suala la paa likaisha. La kugeuza likabaki. Siku za mwanzo mke wangu alijaribu mwenyewe, nikamsikia akivuta pumzi ya mtu aliyechomwa. Alipotoka nje alikuwa ameshika tumbo, na gauni lina doa. Nikamwambia tutafute namna ya kuondoa huu mwiko. Nilishasikia kuna wanaouondoa kwa mbuzi. Akaingia kumwuliza mama yake. Jibu likaletwa nje kama lilivyo: mbuzi ni wa watu wasiokuwa na aibu, na yeye hakuugua aibu, ameugua mkono na mguu.

Namna aliipata mke wangu, akiwa ameketi kizingitini ananyonyesha. Kitanda kikae katikati ya sebule, kati ya mlango wa mbele na wa uani. Kila upande wa kitanda kuwe na pazia, kutoka juu hadi chini. Mama alazwe juu ya shuka imara, pana kuliko kitanda. Mimi nisimame nje ya pazia, nipitishe mikono chini yake, nishike ukingo wa shuka na kuinua. Mama abiringike kuelekea upande wa mke wangu, naye asukumie mto mgongoni. Hakuna kuinua kwake, hakuna kuona kwangu, hakuna kugusana. Zamu nyingine ni upande wa pili.

"Na kufika upande wa pili nitapita wapi?" nikauliza. "Kitanda kimeziba."

"Utazunguka nyumba. Wewe si bwana mipango?"

Fundi cherehani alishona shuka hilo kwa marekani ya mifuko ya unga wa msaada, tabaka mbili, na ukingoni akaweka vishikio kama vya kapu. Maandishi ya msaada hayakufutika, kwa hiyo mama mkwe alilalia salamu za nchi fulani rafiki. Mito ilikuwa kazi rahisi. Mkoa mzima ulijaa pamba. Huko Bunda ilikuwa imelala maghalani ikisubiri kununuliwa, na hospitalini hakukuwa na pamba ya kufutia kidonda. Jambo hili mimi, kama afisa mipango, nisingeweza kulieleza. Nilijaza mito tu.

Ndivyo nilivyoanza kuzunguka nyumba yangu. Naingia mlango wa mbele, nainua, natoka, napita kwenye mpapai, naingia mlango wa uani, nainua. Watu wa Nyakato walizoea haraka kuliko mimi.

"Shemeji, unalinda benki?" fundi aliniuliza.

"Benki gani, na wewe."

"Basi unatafuta mlango. Na usomi wote huo."

Mama mkwe naye hakukaa kimya. Hakunena nami, maana hilo nalo lilikuwa na mipaka yake, lakini alinena na mke wangu kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mkwe wangu asishtue. Avute kama anavuta wavu wa kokoro, taratibu, kwa mwili wote. Anavutaga kama anachota maji kisimani."

"Mama, yeye ni wa milimani. Hajawahi kuvuta kokoro."

"Ndiyo maana nilikwambia usiolewe milimani."

Nikajifunza. Nikaweka mguu mmoja mbele, nikaachia mwili unirudishe nyuma polepole. Na katika kujifunza nikagundua kitu ambacho sikukitarajia: hakuwa ananiachia mimi kazi yote. Kabla sijavuta, kitanda kililia kidogo upande wa kichwani. Alikuwa anashika mbao kwa mkono wake mzima na kujivuta, na shuka likawa jepesi mikononi mwangu. Tulipatana hivyo bila kusemezana. Yeye anashika, kitanda kinalia, mimi navuta.

Sista alikuja kututazama kama alivyoahidi tulipotoka wodini, akitoka zamu, kwa miguu. Mara ya kwanza alisimama sebuleni akatazama mapazia, akacheka hadi akajifuta macho. Kisha akakagua mgongo wa mama mkwe. "Endeleeni," alisema. Akamfundisha mke wangu kumsugua viungo, kumlisha uji akiwa ameinuliwa kichwa usimpalie, na kumnyoosha vidole vya mkono uliolala ili visijikunje kama vya ndege.

Lakini siku moja aliona ninainua juu mno, bega la mgonjwa linasagika. Akasema, "Hapana baba, njoo uone," na kwa haraka yake ile ya wodini akavuta pazia.

Mama mkwe alikuwa amelala chali, kanga imeshuka, miguu wazi. Nilimwona, naye aliniona. Sikumbuki sura, nakumbuka mkono ule mzima ukipanda kufunika uso. Nikatoka. Nikaenda hadi kwenye mpapai, nikasimama hapo kama mwizi aliyekosea nyumba.

Hakula siku hiyo, wala kesho yake asubuhi. Alifunga mdomo, na kijiko kilipogusa midomo aligeuza uso ukutani. Mke wangu alinijia jikoni.

"Anasema amekwisha. Anasema mtu akishaonwa na mkwe wake vile, kilichobaki ni kuzikwa."

"Tumwambie sikuona."

"Alikuona unaona."

Sista aliposikia hakutetea chochote. Alipiga magoti kando ya kitanda, na mimi niko nje ya dirisha, nikamsikia akisema kwa Kiswahili chake cha Mbeya, "Mama, mimi ndiye nimekosa. Mkwe wako hakuja, mimi ndiye nilimleta. Nimezoea wodi, wodini watu wote ni uchi, nikasahau kwamba hapa ni kwako." Halafu mama mkwe akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na wewe una mkwe?"

"Ninaye."

"Anakuona?"

"Hajawahi, mama. Wala hataniona."

"Haya. Leteni uji."

Tangu hapo sista alikuwa akizungumza na pazia. Alikuwa anasema, "Baba, shusha mkono wa kulia kidogo," akilitazama kitambaa kana kwamba ndicho kilichooa.

Kisha mambo ya nchi yakafunguka. Tuliita ruksa. Sabuni zikaingia kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, za rangi na harufu ambazo tulikuwa tumezisahau. Maduka ya Musoma yaliyokuwa na rafu tupu na picha ukutani yakajaa vitenge, dawa ya meno, poda. Mke wangu alinunua poda na sabuni moja ya manukato, akamwogesha mama yake na kumpaka mgongoni. Harufu ilipita chini ya pazia. Mama mkwe akasema ananukia kama mke wa diwani. Nilisimama upande wangu na shuka mkononi, nikajikuta nacheka, naye akasikia, na hakukataza.

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu, nami naiandika kwa sababu haikudumu. Vitu vilijaa, lakini yeye alikuwa anapungua. Uji alioufurahia akauacha nusu, kisha robo, kisha akawa analowanisha midomo tu ili mwanawe asinung'unike. Sista aliwaza ini, akawaza moyo, akaleta daktari kijana aliyesema tumpeleke Mwanza, kisha akatazama kitanda na mapazia na mtoto mchanga, akasema au basi.

Mimi nilikuwa nakijua kile ambacho daktari alikuwa anakitafuta kwa kipimo. Nilikuwa nakijua kwa mikono. Kila nilipovuta, shuka lilikuwa jepesi kuliko jana. Mwanzoni nilidhani nimepata nguvu, nikajisifu kwa fundi. Halafu nikaelewa, nikaacha kujisifu. Nikaanza kuguna. Nilikuwa naguna kwa sauti kila ninapoinua, kama kuli wa bandarini, ili mke wangu upande wa pili asikie kwamba mama yake bado ni mzito. Nilikuwa mwigizaji mbaya shuleni, na sidhani kwamba niliongeza kipaji ukubwani.

Alifariki asubuhi ya Jumamosi, jua limeshapanda, mtoto amelala. Niliingia mlango wa mbele kama kawaida, nikapitisha mikono chini ya pazia, nikashika vishikio.

"Tayari," mke wangu akasema.

Nikasubiri kitanda kilie. Hakikulia. Nikavuta, na uzito wote wa mama mkwe wangu, ule wa siku za kwanza, ukarudi mikononi mwangu kwa mara moja. Hakuna aliyenisaidia. Nikashusha shuka taratibu.

"Mbona umeacha?"

"Mtazame mama."

"Nini?"

"Mtazame tu."

Nikasikia akiinama. Nikasikia akimwita, kwanza kwa kawaida, kisha kwa lugha ya kwao. Halafu akaanza kulia, kilio cha chini cha mtu ambaye hataki kumwamsha mtoto. Kati yake na mimi kulikuwa na kitambaa tu. Ningeweza kukisogeza kwa kidole. Mama mkwe alikuwa amelazwa wazi kwa ajili ya kuogeshwa, na kufa hakukumfanya asiwe mama mkwe wangu. Nilisimama pale, mkono juu ya pazia, mke wangu analia hatua chache kutoka kwangu, nami sikuweza kwenda kumshika. Nikasema maneno kadhaa. Sidhani yalisaidia. Nikatoka kwenda kumwita sista, na huyo ndiye aliyeingia akamkumbatia.

Tulimrudisha Kibara kwa lori. Mimi nilikaa mbele na dereva. Msibani nilikaa na wakwe wengine, mbali, kwenye viti tulivyopangiwa, tukitazama ziwa. Wanawake walimwogesha ndani. Walipomaliza, mama mdogo wake mke wangu alitoka na beseni, akamwaga maji nyuma ya nyumba, akarudi kwa kupita karibu na pale tulipokaa, karibu kuliko ilivyopaswa. Hakututazama. Alimtazama mwanamke mwenzake aliyekuwa anamenya ndizi.

"Mgongo wa dada yangu ni mzima," alisema kwa sauti. "Matako mazima, visigino vizima. Miezi yote hiyo kitandani. Mama yetu aliugua wiki tu akaoza. Sijui huko Musoma wanatumiaga nini."

Mkwe hasikii maneno kuhusu mwili wa mama mkwe wake. Kwa hiyo sikusikia. Mwenzangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu na kuishi naye mbali, alikohoa. Nikaendelea kutazama maji. Katika utumishi wangu wote wa serikali hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mpango wangu wowote umetekelezwa, na huo mmoja nilipaswa kuwa kiziwi ulipotajwa.

Baada ya matanga tulisubiri gari stendi ya Bunda, kwenye kivuli cha ghala la pamba. Mke wangu alikuwa ananyonyesha. Watu walipita na bidhaa mpya vichwani, mabeseni ya plastiki ya rangi zote, nasi tukayatazama kama watu waliokuja kuyanunua.

"Alikuwa mwepesi, siyo?" akasema.

"Lini?"

"Mwishoni. Usinifiche."

Nikafikiri kukataa, lakini nilikuwa nimechoka.

"Alikuwa mwepesi."

"Na kuguna kote kule?"

"Nilitaka usijue."

Gari likapita, siyo letu.

"Mimi nilikuwa nalilalia shuka," akasema. "Ukivuta, nakandamiza ukingo wa huku kwa kiwiko. Nakandamiza kweli, hadi mshono unauma. Nilisema ukimwona amekuwa mwepesi utakata tamaa, na ukikata tamaa nani atamgeuza."

"Kumbe ni pamoja na kiwiko chako?"

"Pamoja na kiwiko changu."

Nilijaribu kutoa kiwiko kile katika uzito niliokuwa nimeubeba wiki zile, ili nijue mama mkwe wangu alikuwa amebaki kiasi gani. Sikuweza kumaliza hesabu hiyo. Mke wangu alikuwa analia tena, na safari hii hakukuwa na pazia, kwa hiyo nilisogea, palepale stendi mbele za watu, nikamshika. Akaniacha nimshike. Kisha akamgeuza mtoto, akampa titi la pili.